Sanduku Chini ya Kitanda cha Bibi

Hosteli ya Chuo
3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yangu, na umsomee polepole, maana najua akianza kukwambia "rudia hapo" chai itapoa na barua haijafika katikati. Mimi ni mzima. Masomo yananikaba koo lakini bado napumua. Miguu ya Bibi inaendeleaje? Na lile paa la jikoni, umeliziba au bado unaliahidi?

Nimepata kazi ya wanafunzi katika kitengo cha chuo kinachopunguza madhara ya kompyuta kwa mazingira. Usicheke. Hapa kompyuta ni nyingi kuliko kuku wa kijiji kizima, na zilikuwa zinakesha zikiwaka bila mtu mbele yake. Sasa zikiachwa zinajizima zenyewe. Profesa mmoja alitoka kidogo kwenda msalani, akarudi akakuta yake imelala na kazi hakuihifadhi. Alifoka mpaka mkuu wa chuo akasikia ofisini kwake. Na kile chumba cha mitambo mikubwa, ambacho mtu alikuwa akiingia na sweta, tumekipandisha joto kidogo, viyoyozi vikapumzika na mitambo haikulalamika.

Ila linalonifurahisha zaidi ni betri. Mvua ilipozidi, stoo ya chini iliingia maji na kompyuta mpakato za zamani zikaloa. Maagizo yalikuwa betri zilizoloa ziwekwe kando zikaharibiwe kitaalamu. Nikazitazama, nikamkumbuka Bibi. Kwetu kitu kikiloa kinaanikwa. Nikazifuta moja moja, nikazianika juu ya paa la hosteli, nikazipima, zikasoma vizuri kabisa. Mkuu wa kitengo alinisifu mbele ya watu. Akaamuru zichanganywe na zile kavu, na wanafunzi wanaotoka kusiko na umeme wazipeleke makwao zikapate maisha ya pili.

Gunia letu la betri nimempa Breki, dereva wa lori la huko kwetu. Wewe fundi wa redio huhitaji kuelekezwa namna ya kuziunganisha. Bibi asikae gizani tena.

Mpwa wako.


Nyumbani
28 Februari

Mpwa wangu, injinia wa familia,

Marahaba. Bibi ameipokea shikamoo yako, na kama ulivyosema, chai ilipoa. Sisi wazima. Paa la jikoni usinikumbushe, mimi na lile paa tumeamua kuvumiliana. Mbuzi amezaa pacha. Miguu ya Bibi ni ileile, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, na kutoka kitandani ni mpaka nimshike. Daktari wa zahanati amesema tena moyo wake usishtuliwe, kwa hiyo hata mbuzi alipozaa nilimwambia kwa hatua.

Gunia lilifika salama. Nilizifungua betri zako nikatoa zile seli za ndani, nikazipanga ndani ya droo ya kabati la zamani, nikaziunga waya, nikazifunika kwa ubao likawa sanduku, nikalipiga rangi ya kijani. Paneli ya sola nimebadilishana na mtu kwa redio yangu kubwa. Sasa tuna taa nne na redio ndogo. Majirani wanapita kusalimia, na salamu zao siku hizi ni ndefu mno. Bibi amepewa swichi karibu na mto wake. Anazima, anawasha, anazima, anawasha, halafu ananiuliza kama nimeona.

Ananituma nikwambie kuwa tangu babu yako afariki, hii ndiyo mara ya kwanza haogopi jua likizama. Nimeandika kama alivyosema.

Sanduku lenyewe nimeliweka mahali panapolistahili, wala usitie wasiwasi.

Mjomba wako.


Hosteli ya Chuo
17 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi. Hongera kwa pacha. Mimi ni mzima, mitihani inakaribia, na profesa wangu yule sasa anaweka kikaratasi juu ya kompyuta yake kuiomba isijizime.

Nimefurahi kusikia habari za taa. Nina ombi dogo la kitaalamu. Kwa ajili ya utafiti wetu hapa kitengoni, naomba uchomoe waya wa paneli na ulitoe sanduku nje ya nyumba, mbali na ukuta, kwa muda tu. Uniambie pia kama linapata joto ukilishika, na umeliweka wapi. Ni mambo ya vipimo, si kitu kikubwa. Lakini tafadhali ufanye mara tu ukipata barua hii.

Ningepiga simu kama bonde letu lingekuwa na mtandao. Natumaini Breki hatachelewa.

Nisamehe kwa ufupi, nawahi darasani.

Mpwa wako.


Nyumbani
2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumekusoma. Mvua zimeanza kwa fujo, na Breki anasema daraja limeanza kulia lori likipita juu yake, lakini wewe unamjua, hata kikombe kikivunjika kwake ni msiba.

Sasa injinia, unataka nimwambie mama yangu arudi gizani kwa sababu ya vipimo? Niliposoma pale pa kulitoa sanduku nje, aliushika ule waya wa swichi kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Nikaona niruke mstari. Utafiti wenu utasubiri likizo, utakuja upime mwenyewe mpaka uchoke. Umesoma mpaka umeanza kuviogopa vitu ulivyovianika kwa mikono yako.

Umeuliza joto. Lipo, la kawaida, kama kuku anayeatamia. Mchana jua likiwa kali linazidi kidogo. Na hilo joto lisikutishe, maana limekuwa dawa. Bibi anasema linampanda taratibu mpaka miguuni, na maumivu yamepungua. Analala kama mtoto mchanga.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako.


Hosteli ya Chuo
9 Aprili

(Karatasi ya kwanza)

Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo sana. Nakula vizuri, nalala vizuri, na nimekununulia shali ya sufu kwa ajili ya miguu. Mwambie Mjomba asiibe.

(Karatasi ya pili. Mjomba, hii usisome kwa sauti. Toka nayo nje.)

Hukuniambia sanduku liko wapi. Miguu ya Bibi imeniambia. Tangu nipate akili, kitu chenye thamani nyumbani kwetu hakina makao mengine: hati ya shamba, saa ya babu, vyeti vyangu, vyote viko chini ya kitanda chake. Ningekuwa na akili ningejua siku ileile nilipolikabidhi gunia.

Utafiti haupo. Nilikudanganya kwa sababu unasoma kila neno mbele yake. Lililotokea ni hili. Katikati ya Machi, betri moja kati ya zile nilizozianika ilikuwa mezani kwenye karakana ya chuo, haikuguswa na mtu. Ilianza kutoa sauti kama maji yanayotaka kuchemka, ikavimba, halafu ikaruka na moto. Ule moto hauzimiki kwa kupuliza. Meza imeungua ikapata tundu, na moshi wake ulitukata pumzi sote tukakimbilia nje. Fundi wa maabara anasema maji yakishaingia ndani ya betri, uharibifu unabaki humo hata nje ikiwa kavu. Kipimo kinaweza kusoma vizuri leo, ikaja kuwaka baada ya majuma. Joto ndiyo dalili yake.

Chomoa waya. Mtoe Bibi kwanza chumbani kwa maneno yoyote yale, mwambie kuna mchwa. Halafu ulitoe sanduku kwa koleo, si kwa mikono, ulipeleke mbali na ulifukie kwa mchanga mkavu. Usilimwagie maji.

Nakuomba kwa jina la mama yangu.


Hosteli ya Chuo
24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama niandike shikamoo ya Bibi.

Daraja limekwenda na maji. Nilifika kituo cha malori nikamkuta Breki amekaa juu ya matairi, na barua yangu ya tarehe tisa iko palepale mbele ya usukani wake, imekunjamana kwa unyevu. Nilitaka kumpiga. Kosa si lake. Nikapanda lori la mchanga mpaka mtoni, kwa sababu sikuweza tena kukaa darasani. Maji ni mekundu, yanabeba miti mizima. Nilisimama pale nikauona mlima ulio nyuma ya nyumba yetu, nikawa nautazama kama kuna moshi. Kulikuwa na mawingu tu. Au ulikuwa moshi, sijui. Nimerudi.

Usiku silali. Mwenzangu wa chumbani ameniuliza kwa nini nashikashika chini ya kitanda changu.

Namwombea Bibi mvua iendelee. Unaona nilipofika? Watu wanaomba daraja lipone, mimi naomba mawingu yasitawanyike, maana jua likitoka paneli itajaza sanduku.

Barua zote mbili nimemwachia Breki. Ameapa zitavuka naye siku ya kwanza.

Mpwa wako.


Nyumbani
6 Mei

Kwa mpwa wangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Barua zako mbili zimefika kwa pamoja baada ya daraja la muda kuwekwa. Tumekuelewa. Sanduku limetolewa. Shali imefika, Bibi anashukuru.

Endelea na masomo, usipoteze muda kufikiria mambo ya huku. Hakuna haja ya kuja.

Mjomba wako.


Hosteli ya Chuo
15 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kuchanika. Huo mwandiko si wako. Wewe herufi zako zinalala kama zimelewa, na hizi zimesimama wima, ni za yule mwalimu jirani yetu. Tena hakuna utani hata mmoja. Katika maisha yangu yote hujawahi kuniandikia bila kunitania, hata mama alipofariki ulitafuta neno la kunichekesha. Kwa nini hukushika kalamu mwenyewe? Na Bibi anashukuru tu, hakuna "rudia hapo"?

Kama amekufa, niambie amekufa. Siwezi kuendelea kumsalimia nisiyejua kama yupo.

Na mimi nikwambie nililokuficha. Betri ilipowaka karakanani, mkuu wa kitengo alituita tuliokuwepo. Alisema ni moja tu imepasuka, tusitishe watu. Kuna wageni wanakuja mwezi ujao kuutuza mradi wetu, na picha yangu juu ya paa na betri zangu iko ukutani kwenye ukumbi. Aliniambia peke yangu kwamba anayepiga kelele ndiye atakayeulizwa nani alizitoa kwenye fungu la kuharibiwa. Nikaogopa kufukuzwa. Nikanyamaza, nikawa nakuandikia wewe tu, kama vile nyumba yenye hatari ni yetu peke yake. Wanafunzi wengi walibeba magunia kama lako. Nakutana nao kwenye foleni ya chakula, wananishukuru, wananiambia wazazi wao wamefurahi. Nawajibu karibu.

Nahitaji kusema, Mjomba, lakini wataniuliza ushahidi zaidi ya meza moja iliyoungua. Niambie kilichotokea kwetu.

Mpwa wako.


Nyumbani
27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Anayeandika ni mwalimu, kweli, na amekasirika kusikia herufi zake zimesimama wima kama askari. Mikono yangu imefungwa bandeji, yote miwili, ndiyo maana. Bibi yako yu hai. Nianze na hilo.

Ilikuwa adhuhuri, siku ya kwanza jua kutoka baada ya mvua, siku mbili kabla Breki hajafika na barua zako. Nilikuwa uani. Nikasikia Bibi ananiita, si kwa kupiga kelele, ananiita kama anataka maji. Nilipoingia moshi ulikuwa umeshalifunika godoro. Sikufikiri. Nilimbeba Bibi nikamweka uani, nikarudi nikalivuta lile sanduku kwa mikono mpaka nje, kwa sababu niliona nyumba inaondoka. Rangi yangu ya kijani ilishikana na ngozi. Kitanda kimeungua, hati, saa ya baba, vyeti vyako, vyote. Bibi alikohoa kwa siku nyingi, sasa ameanza kula. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia daktari anasema havitakunjika tena, kwa hiyo ufundi wa redio ndiyo basi.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utaacha shule uje kulia mbele yangu. Na kwa sababu uliniomba mapema nikakufanyia mzaha. Hilo linaniuma kuliko mikono.

Sasa Bibi yako anataka maneno yake yaandikwe. Anasema:

"Mjukuu wangu, ile harufu niliisikia siku kadhaa kabla ya moto, tamu tamu, kama rangi ya kucha. Nilikuwa nateremsha mkono chini ya kitanda naona joto limezidi. Sikumwambia mjomba wako. Nilijua nikisema atalitoa, na mimi giza naliogopa. Nilikaa juu yake nikasema labda litapoa. Kwa hiyo usibebe peke yako. Wewe ulianika kwa sababu nilikufundisha kuanika. Mjomba wako aliliweka pale kwa sababu kila kitu tunaweka pale. Na mimi nilinyamaza. Hao wengine uliowapa, na wao wana mtu anayeogopa giza. Hatasema. Usingoje aseme. Nenda."

Ni mimi tena, mjomba wako. Waambie hao wakubwa wako kuhusu mikono yangu. Mwalimu amepiga picha, Breki atakuletea. Mwanzoni sikutaka, najua sura yangu ilivyo, lakini Bibi amesema wanaangalia mikono.


Njiani, kwenye lori la Breki
11 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Bibi. Naandika juu ya goti, usizicheke herufi, leo tuko sawa mimi na wewe.

Nilikwenda na picha kwa mkuu wa chuo, si wa kitengo. Nilikaa kabla sijaambiwa. Nikamweleza yote, na nani alizianika. Alizitazama picha moja moja, akaniuliza kama huyo ni baba yangu. Nikamwambia ni zaidi. Picha yangu imeshushwa ukumbini, ziara ya wageni wa tuzo imeahirishwa, na mimi nimesimamishwa masomo mpaka nijieleze mbele ya kamati. Sijui kama watanirudisha. Fundi wa maabara ameniambia adhabu itakuja yenyewe, kwa sasa tupande gari. Tuko naye hapa, na mapipa ya mchanga mkavu, tunapita nyumba kwa nyumba. Wanafunzi wengine wamekwenda njia nyingine na malori mengine.

Nyumba ya kwanza walitukaribisha kwa furaha, kwa sababu walidhani tumeleta nyingine. Ni ya mwenzangu mmoja wa darasani. Baba yake hakutaka kulitoa sanduku lao. Aliniambia taa zinawaka vizuri, hazina kasoro yoyote, na wewe ndiye uliyempa mwanangu, leo unataka nini? Nikampa picha yako. Akaitazama, akamwita mkewe, na mkewe akatuonyesha mlango wa chumba cha ndani.

Lilikuwa chini ya kitanda cha mtoto. Walisema siku za mvua linampa joto. Niliingiza mkono nikaligusa ubavuni, Mjomba, nikautoa haraka. Mtoto alikuwa amelala juu yake, kidole mdomoni. Nilimwinua mimi mwenyewe nikamkabidhi mama yake, na fundi akalitoa sanduku kwa koleo. Tukalifunika mchanga uani.

Zimebaki nyumba nyingi na barabara ni mbaya. Breki anaendesha bila kulalamika, kwa hiyo jua kuwa mambo ni mazito.

Barua hii msomee Bibi yote kwa sauti, usiruke mstari.

Mpwa wako.